Ziba Ufa Baadaye

Mwaka jana mteja mmoja wa Marekani alinitumia kazi: maneno 1,500 kuhusu kifuniko cha ndege ndogo kinachofunguka angani. Mimi huandika chochote kinacholipa. Nimeshaandika kuhusu paka wenye kisukari, kuhusu mabwawa ya kuogelea, kuhusu bima ya meno ya watu wa Ohio. Kazi hizo huisha, nikalipwa, nikasahau. Hii haikuisha. Nilimtumia mteja maneno yake, akashukuru, lakini mimi bado niko nayo hadi leo.

Niseme mapema kwamba sijawahi kupanda ndege. Hapa Mumias tuna kiwanja kidogo cha ndege, na tukiwa watoto, injini ikisikika tulitoka mbio kwenye miwa tuitazame mpaka ipotee. Uhusiano wangu na ndege uliishia hapo. Kwa hivyo ilibidi nisome wiki nzima, nione video, nirudie, ili nisije nikawaandikia marubani upuzi.

Ndege zenyewe ni zile ambazo mtu anajiundia nyumbani. Usicheke. Marekani kuna kampuni inaitwa Van's Aircraft, iko Oregon, inakuuzia vipande vya ndege, unavipeleka gereji kwako, unapiga ribiti jioni baada ya kazi kwa miaka kadhaa, mwisho unatoka na ndege. Zaidi ya 11,000 za aina hiyo zimeshapaa. Hata huku kwetu watu wamejaribu, tena bila kuuziwa vipande. Kenya alitokea Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta aliyejiundia ndege yake mwaka 2010. Uganda, Chris Nsamba na wenzake waliunda yao nyuma ya nyumba ya mama yake, mtaa wa Ntinda, Kampala.

Kifuniko ni ile plastiki ngumu inayoona kama kioo, imepinda kama ganda la yai, inamfunika rubani kichwani. Unaingia, unakishusha, unafunga komeo. Sasa, komeo likiwa halijaingia vizuri, ukiwa bado ardhini unaweza usijue. Kifuniko kimekaa mahali pake, kinaonekana kimefungwa. Lakini ndege ikishika kasi, hewa inayopita juu ya ule mgongo uliopinda inakimbia zaidi, msukumo wake unapungua, na kifuniko kinavutwa juu. Mara nyingi komeo huachia wakati mbaya kuliko wote: ndege ndiyo imeacha ardhi, iko mita chache tu hewani, na kiwanja kinaishia mbele.

Kinachofuata ni kishindo. Upepo unaingia na kelele ambayo wote waliopatwa wanasema hawakuitarajia. Vumbi, karatasi, miwani, kila kitu kinaruka. Na hapo mikono ya rubani inafanya kitu chenyewe, bila kuulizwa: inapaa juu kukamata kifuniko.

Hapo ndipo watu wanapokufa.

Kwa ndege nyingi za aina hii, hasa zile ambazo bawaba za kifuniko ziko mbele, upepo unaokuja unakibana, kinabaki kimeinuka kidogo tu, na ndege inaendelea kuruka. Kwa kelele, kwa kutikisika, lakini inaruka. Injini haijui kwamba kifuniko kiko wazi. Mabawa hayajui. Anayejua ni rubani peke yake, naye ndiye anayeachia usukani, anafungua mkanda, anajinyoosha akivuta kioo ambacho nguvu za mtu mmoja haziwezi kukirudisha. Wakati huo pua ya ndege inapanda, kasi inashuka, mabawa yanashindwa kubeba uzito, na chini hakuna nafasi ya kurekebisha. Ndege inaanguka ikiwa nzima. Ukiitazama ule mabaki, kilichokuwa kibovu ni komeo tu.

Kwa hivyo walimu wa urubani wanafundisha jambo moja ambalo linaudhi kwa urahisi wake: rusha ndege kwanza. Acha kifuniko. Shusha pua kidogo, linda kasi, zunguka taratibu, rudi kiwanjani, tua. Ukishasimama, funga.

Nilipolisoma mara ya kwanza nililiona kama uzembe. Sisi tumelelewa na methali: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwalimu wangu wa darasa la sita alituandikisha hiyo methali mara hamsini. Ukiona kosa, rekebisha, tena sasa hivi. Halafu wanakuja watu wanasema ufa upo, umeuona, ni wako, uliuacha wewe mwenyewe kwa haraka zako, na bado usiuguse?

Lakini upepo wenyewe hauui. Sisi wa nchi hii tungepaswa kulijua hilo kuliko wengi. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, yule ambaye uwanja wa Wilson unabeba jina lake, ilitumia ndege za Gipsy Moth, ambazo hazikuwa na kifuniko kabisa. Rubani na abiria walikaa vichwa nje, miwani usoni, upepo wote wa nchi hii ukiwapiga. Walifika. Kwa hivyo mtu anayeanguka leo kwa sababu kifuniko kimefunguka anaanguka akiwa katika hali ambayo rubani wa mwaka 1929 aliiita kazini.

Yuko pia rubani wa Uholanzi, Narine Melkumjan, anayerusha ndege za michezo ya angani. Ndege yake ni ya kiwandani, aina ya Extra 330LX, si ya kujiundia, lakini kosa ni lilelile. Komeo halikuwa limeingia, na ukaguzi wake kabla ya kupaa haukuwa wa makini. Kifuniko kikafunguka hewani, kikavunjikavunjika. Hakuwa na kitu cha kukinga macho. Upepo ulimziba pumzi na karibu umzibe na macho, na baadaye alieleza kwamba iliwachukua macho yake saa 28 hivi kurudi sawa. Kwenye redio kocha wake alikuwa akimhimiza aendelee kuruka tu. Akaendelea. Akatua. Halafu, na hili ndilo lililonigusa, mwaka 2024 akaitoa video ile hadharani, akaeleza kosa lake mwenyewe kwa mdomo wake, ili wengine wajifunze.

Nisidanganye: kuna ndege ambazo kifuniko kikifunguka hali inakuwa mbaya zaidi. Kuna zile ambazo kinapiga juu-chini na kuvuruga hewa inayoelekea mkiani, mpaka ndege inakuwa ngumu kuitawala. Kwa hiyo si suala la kusema usijali. Jali. Ila hata huko jibu halibadiliki: mikono ibaki kwenye usukani, kwa sababu mkono mmoja ukienda juu hakuna atakayeushika usukani huo.

Na si ndege ndogo peke yake. Tarehe 29 Desemba 1972, ndege kubwa ya Eastern Air Lines, safari nambari 401 kutoka New York, ilikuwa inakaribia kutua Miami. Taa moja ndogo ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limetoka haikuwaka. Chumba kizima cha marubani kikaingia kwenye hiyo taa. Kuichomoa, kuirudisha, kuichungulia. Wakiwa huko, mtambo uliokuwa ukishikilia ndege isishuke ukaachia, na hakuna aliyeona. Ndege ilishuka polepole gizani mpaka ikagonga kinamasi cha Everglades. Watu 101 walikufa. Taa ilikuwa imeungua tu.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje. Nilikuwa nimekumbuka neno ambalo sikutaka kulikumbuka. Stendi.

Wewe ambaye umepanda boda unalijua hilo neno. Mwendeshaji ameondoka kwa haraka, amesahau kukunja ile stendi ya pembeni, na inaning'inia upande wa kushoto. Mtu yeyote akiona, awe mama wa mboga, awe mtoto wa shule, awe adui yako, anapaza sauti: "Stendi! Stendi!" Wengine wanaonyesha kwa kidole. Sijui kama kuna wema mwingine mdogo ambao Wakenya wanatendeana kwa uaminifu hivyo. Ni wema wa kweli pia, kwa sababu pikipiki ikilala kushoto kwenye kona, stendi inagusa lami na inaweza kuwarusha wote. Pikipiki nyingine siku hizi zinazima injini ukiweka gia stendi ikiwa chini. Nyingi za boda hazina hiyo kitu.

Nilipoacha chuo nilirudi nyumbani nikaendesha boda ya binamu yangu kwa miezi kumi. Siku moja nilimbeba mama mmoja jirani yetu kutoka Shibale. Alikuwa amepakata mfuko wa omena na mafuta ya kupikia. Niliondoka haraka kwa sababu mwenzangu alikuwa anamnyemelea abiria huyohuyo. Mbele kidogo watoto wakapiga kelele, "Stendi!"

Barabara ilikuwa imenyooka. Nataka ulielewe hilo kwa sababu mimi limenichukua muda mrefu kulielewa. Hakukuwa na kona. Stendi ile ingeweza kuning'inia mpaka kesho bila kumdhuru mtu, kama ningepunguza mwendo tu, nikae wima, nisogee pembeni, nisimame. Badala yake niliinamisha kichwa. Nikatupa mguu wa kushoto, nikaikosa. Nikatazama tena vizuri, nikaipata, nikaikunja. Nakumbuka hata ile raha ya kuikunja. Nilipoinua macho, trekta ilikuwa inatoka barabara ya vumbi na tela lake la miwa, imeshaingia nusu. Nikakanyaga breki zote. Tela halikutugusa. Tuliteleza wenyewe mpaka mtaroni, na mama akaangukia mkono wake wa kulia.

Stendi ilikuwa imekunjwa vizuri kabisa.

Halafu nikafanya kosa la pili, ambalo lilikuwa lilelile la kwanza. Nilipiga magoti kando ya yule mama nikaanza kulia, "Mama nisamehe, mama nisamehe," nimeshika mguu wake. Omena imemwagika kila mahali. Naye, mkono umepinda, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu: "Mwanangu, niinue kwanza."

Nimeufikiria huo mdomo, "niinue kwanza," kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni. Kwa nini mikono inakwenda kwenye kifuniko? Kwa nini macho yanakwenda kwenye stendi? Nadhani si woga pekee. Ni aibu. Kifuniko kilicho wazi ni ushahidi. Kinapiga kelele kwamba wewe fulani hukukagua, ulifanya haraka, ulijiona unajua. Na mtu anataka ushahidi ule ufungwe, hata kama kuufunga kutagharimu kila kitu kingine. Tunaita hiyo bidii ya kurekebisha makosa. Mara nyingi ni bidii ya kujirekebishia sura. Magoti yangu pale mtaroni yalikuwa ya kwangu mwenyewe. Yule mama hakuhitaji msamaha wangu wakati ule. Alihitaji mkono chini ya kwapa na gari la kwenda hospitali.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, mwaka 1976, aliandika kuhusu dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lolote lake. Alisema dereva huyo ana majuto ambayo mpita njia hawezi kuwa nayo, kwa sababu ni yeye aliyegonga, na kwamba tungemshangaa sana kama angejifuta vumbi na kuendelea na safari. Nakubaliana naye. Na inafurahisha kujua kwamba Williams mwenyewe, akiwa kijana katika utumishi wa kijeshi, alirusha ndege za Spitfire huko Kanada, kwa hiyo alijua kukaa chini ya kifuniko. Lakini swali langu ni lingine kidogo. Si kama majuto yana haki. Yana haki. Swali ni saa ngapi. Majuto yana haki ya moyo wangu, ila mikono yangu, kwa sekunde zile, si mali yangu. Imeshaahidiwa mtu mwingine, yule aliyekaa nyuma.

Hapa najua kuna msomaji anayenikunjia uso, na ana haki. Atasema: kijana, hiyo "rusha kwanza" ndiyo lugha ya kila mkubwa aliyekamatwa. Kila jambo likifichuka tunaambiwa tutulie, tusiyumbishe mambo, yatarekebishwa baadaye. Sisi wa Mumias hatuhitaji kufundishwa hilo. Kiwanda cha sukari kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973 hakikuzimika kwa usiku mmoja. Kilipata hasara mwaka baada ya mwaka, kikaokolewa kwa pesa za serikali, kikayumba tena, mpaka Septemba 2019 kikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi anayeletwa na benki inayodai. Nyufa zilionekana muda mrefu, na safari ikaendelea.

Nami mwenyewe nina ushahidi dhidi yangu. Nilipoacha chuo sikuwaambia wazazi. Nilijiambia siwezi kumvuruga mama sasa, ana presha, wacha kwanza mambo yatulie. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na sababu mpya. Nilikaa Nairobi miezi minane nikisema kwenye simu, "Masomo yako sawa." Naye mama alikuwa akiuza kuku ili anitumie nauli ya mitihani ambayo haikuwapo. Ningekuwa nimesoma kuhusu kifuniko wakati ule, ningejitetea nacho: si ninarusha ndege kwanza?

Hapana. Kuna kitu kimoja kinachotofautisha. Rubani anayeacha kifuniko wazi ameshageuza ndege kuelekea kiwanjani. Hilo ndilo sharti lote. Kuchelewa kwake kuna mwisho unaoonekana kwa macho, na kila sekunde inaupunguza. Mimi sikuwa ninaelekea popote. Nilikuwa nazunguka, na mafuta yaliyokuwa yakiungua yalikuwa ya mama. Yule anayesema "baadaye" bila kutaja ni lini, harushi ndege. Amezoea upepo tu.

Kwa hiyo methali ya mwalimu wangu haijavunjika. Ufa usipozibwa utajenga ukuta, ni kweli. Lakini hakuna mahali methali inaposema uzibe ufa huku umembeba mtoto mabegani juu ya ngazi. Mshushe mtoto. Halafu rudi na udongo, siku hiyohiyo.

Tena kurudi na udongo ni kazi ngumu kuliko ile ya angani. Angani unasaidiwa na hofu. Ardhini, ukishatua salama, moyo unatulia, watu wanakupongeza, na kishawishi ni kulifunga komeo kimyakimya na kwenda nyumbani. Hakuna aliyeona. Ndiyo maana nilisema yule rubani Mholanzi alinigusa aliposimama na kosa lake hadharani. Angeweza kusema komeo lilikuwa bovu. Nani angebisha?

Mimi nilisema lilikuwa bovu.

Hii ndiyo sehemu ambayo sikuiandika kwenye kazi ya mteja. Pale mtaroni watu walipojaa, kijana mmoja aliuliza, "Ni trekta imewagonga?" Nilinyamaza. Akauliza tena, nikasema, "Alitoka bila kuangalia." Maneno matatu. Ilitosha. Watu wakamzingira yule dereva, wakamtukana, wakatishia kuchoma trekta. Mtu mzima, umri wa baba yangu, akatoa shilingi elfu tatu mfukoni akawapa wampeleke mama hospitali, kisha akaondoka na miwa yake. Alikuwa ametoka polepole, kama matrekta yote yanavyotoka. Aliyekuwa hatazami ni mimi.

Pesa hizo zililipia eksirei na bandeji ngumu. Mkono ulipona, ila haukunyooka wote.

Wiki ile nilipomaliza kazi ya kifuniko nilikwenda kwa yule mama. Nilimkuta uani anachambua maharagwe. Nilikuwa nimejipanga kama mtu anayekwenda mahakamani. Nikamwambia yote: stendi, kichwa kuinama, trekta haikuwa na makosa, nilidanganya. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Najua."

"Unajua vipi, mama?"

"Si nilikuwa nyuma yako? Niliona kichwa kikienda chini. Nikakupiga begani, hukusikia."

Sikukumbuka kupigwa begani. Hata sasa sikumbuki. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile mbele ya watu. Akasema wangenichoma mimi badala ya trekta, na mama yangu angelia, na yeye na mama yangu ni watu wa kanisa moja. Alikuwa na mkono uliovunjika, na bado alikuwa akihesabu ni nani yuko ndani ya ndege.

Nikataka kupiga magoti tena. Akaniona, akanyoosha kidole kwenye ndoo ya maji iliyokuwa kisimani, akasema ule mkono hauinui vizuri kukiwa na baridi. Nikaenda nikaileta. Nikaleta na ya pili. Niliporudi akaniuliza, bila kunitazama:

"Na yule wa trekta, umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Simjui hata jina. Namjua sura, na najua trekta yake ni nyekundu, taa moja ya mbele haipo. Msimu wa kuvuna ukiwa umechanganya, matrekta hupanga foleni ndefu, na madereva hukaa chini ya mti wakicheza drafti. Nimepita hapo mara mbili na elfu tatu mfukoni. Mara ya kwanza hakuwapo. Mara ya pili alikuwapo, nikapita.

Mteja wangu wa Marekani aliniomba nimalizie makala yake kwa ushauri mmoja ambao rubani ataukumbuka. Nilimwandikia: kabla ya kupaa, funga komeo, kisha lisukume kwa mkono uone kama kweli limeshika. Ni ushauri mzuri. Kwangu mimi wakati wake umepita. Nimeshapaa, nimeshatua, injini imezimwa. Alhamisi matrekta yatakuwa foleni. Nitakwenda asubuhi, kabla drafti haijaanza.